Reli Ikipanda Milimani, Isimame Wapi?

Ndege ya Dash 8 Q400, ile ambayo watu wameizoea kwa jina la pangaboi, ina viti 76. Tuseme imetua Kigoma ikiwa imejaa, na abiria wote, kuanzia mfanyabiashara hadi mama mwenye mtoto mgongoni, wamekubaliana kupanda treni moja. Wataenea ndani ya behewa moja. Mabehewa mengine yatakwenda matupu, kisha treni itakaa kusubiri ndege nyingine. Nimeanza na hesabu hii kwa sababu ya swali nililolisikia zaidi ya mara moja ndani ya magari ya abiria kati ya Kasulu na Kigoma, kila SGR, ile reli ya kisasa, inapotajwa redioni: kama reli ya umeme imeweza kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, kwa nini na sisi tusipate treni ya kutufikisha uwanja wa ndege?

Anayeuliza hivyo ameamka saa tisa za usiku, amelipa bodaboda hadi stendi, amengoja gari lijae, na njia nzima ana hofu kwamba ndege itamwacha. Anastahili jibu kamili. Kumwambia tu kwamba haiwezekani ni kumdharau.

Reli ya abiria inaishi kwa wingi wa watu na kwa kurudiarudia safari. Inataka maelfu ya watu wanaoelekea upande mmoja kwa saa moja, asubuhi na jioni, siku karibu zote za wiki, mahali ambapo barabara imeshindwa kuwapitisha. Kasulu hadi Kigoma mjini ni kilomita zinazokaribia 90, na kinachomchelewesha msafiri huko ni kungoja gari lijae. Foleni kama ile ya Ubungo, Dar es Salaam, haipo. Hata ndege zingetua mbili kwa siku, na hata kila abiria angekuwa mtu wa Kasulu, mabasi matatu yangewamaliza. Upande wa pili wa mizani kuna gharama. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilisaini mkataba na kampuni za Kichina kujenga reli ya Uvinza hadi Musongati, kilomita kama 240, kwa dola bilioni 2.15. Gawanya mwenyewe: karibu dola milioni 9 kwa kila kilomita. Kwa bei hiyo, reli ya Kasulu hadi Kigoma ingemeza dola milioni 800 ili kuwasafirisha watu wa mabasi matatu. Fedha hizo zina kazi nyingine nyingi za kufanya katika mkoa wenye watu 2,470,967 kwa sensa ya 2022.

Kwa hiyo treni ya uwanja wa ndege, kwetu, hapana. Lakini ndani ya swali la yule abiria kuna jambo ambalo wataalamu wa reli wamelijifunza kwa uchungu duniani kote, na ambalo watu wa Kasulu na Kibondo wanalihitaji sasa kuliko wakati wowote, kwa kuwa reli inakuja kweli milimani kwao.

Shanghai ina treni inayoelea juu ya njia yake kwa nguvu ya sumaku, ambayo hadi 2021 ilikuwa ikikimbia kufikia kilomita 430 kwa saa. Inamaliza kilomita 30 kutoka uwanja wa ndege wa Pudong kwa dakika chache. Ila njia yake inaishia Longyang Road, mbali na kiini cha mji, na hapo abiria anashuka na mizigo yake kutafuta treni nyingine ya kumfikisha anakokwenda. Dakika alizoziokoa angani anazirudisha kwenye ngazi na foleni ya tiketi. Toronto walifungua treni ya uwanja wa ndege mwaka 2015 kwa nauli ya dola 27.50 za Kanada kwa safari moja. Mabehewa yakawa yanapita na viti vitupu mbele ya macho ya watu waliobanana ndani ya mabasi. Machi 2016 nauli ikashushwa hadi dola 12, na idadi ya abiria ikaongezeka zaidi ya maradufu ndani ya muda mfupi, kwa njia ileile na treni zilezile. Abuja nao walizindua reli yao ya mjini inayofika uwanja wa ndege Julai 2018, ikiwa na mabehewa machache na safari za kuhesabika. Mwaka 2020 ikasimama, wezi wakaivamia miundombinu yake, na haikurudi kazini hadi Mei 2024.

Miji hiyo mitatu haina undugu wowote, ila msafiri wake ni yuleyule. Hapimi safari kwa kasi ya treni. Anapima kuanzia mlangoni kwake hadi anapokwenda: kutembea, kungoja, kubadilisha usafiri, kulipa mara ya pili, kubeba mzigo. Na kuna kundi ambalo wapangaji huliona mwisho. Kwenye viwanja vikubwa, treni hushibishwa pia na walinzi, wapishi, wafagiaji na wapakia mizigo wanaokwenda kazini kila siku. Mwenye sanduku hupita mara moja moja. Reli iliyopangwa kwa ajili ya mgeni peke yake, kwa nauli ya mgeni, inawaacha hao nje.

Dar es Salaam tunao mfano wetu, na unauma kidogo. Treni ya abiria ya Pugu, iliyoanza 2016 miaka minne baada ya ile ya kwanza ambayo wananchi waliiita treni ya Mwakyembe, inapita Vingunguti, Karakata na Gongo la Mboto. Karakata ni jirani wa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere. Agosti 2019 uwanja huo ulifunguliwa jengo la tatu la abiria, lililojengwa kuhudumia watu milioni 6 kwa mwaka. Reli inapita nyuma ya nyumba, jengo limesimama mbele, na mtu mwenye begi anatoka mlangoni kutafuta teksi, bajaji au daladala ya Barabara ya Nyerere. Chuma kipo tayari. Kilichokosekana ni vipande vidogo vya kuunganisha: kituo chenye kivuli, gari dogo la kuzunguka, ratiba inayozijali ndege. Vipande vya namna hii ni rahisi kuliko vyote katika mradi, na ndivyo husahaulika kwanza, maana havina sherehe ya kukata utepe.

Mombasa ilipopata SGR mwaka 2017, stesheni ikawekwa Miritini, nje ya kisiwa. Kwa miaka mingi abiria akawa anashuka kwenye jengo zuri na kuanza kujadiliana bei na wenye matatu na tuktuk ili afike mjini. Morogoro stesheni mpya iko Kihonda, nayo imewapa kazi bodaboda wengi. Sisemi Kihonda au Miritini ni kosa tupu. Ndani ya mji wa zamani hakuna nafasi, kuvunja nyumba ni ghali na kunaumiza, na treni ndefu haipendi kona kali. Lakini aliyepanga stesheni nje ya mji alipaswa siku hiyohiyo kupanga namna ya kuifikia, na mara nyingi sehemu hiyo huachiwa mwenye pikipiki.

Sasa turudi milimani. Reli ya Kati ilipofika Kigoma Februari 1914, ilikuwa imepita kusini ya nchi ya Waha, wenyeji wa Kasulu na Kibondo. Wajerumani waliokuwa wakikimbilia Ziwa Tanganyika walifuata njia nyepesi: Tabora, mto Malagarasi, Uvinza yenye chumvi, kisha kuteremka ziwani. Kasulu na Kibondo zikabaki juu, zikiitazama reli kwa mbali. Kilichofuata kila mzee wa huko anakijua. Eneo likageuzwa chemchemi ya nguvu kazi: vijana wakaandikishwa kwenda mashamba ya mkonge ya mikoa ya mashariki, wakaitwa manamba. Reli ilichukua watu wa nyanda hizi kwa miongo mingi, lakini mazao yao haikuwahi kuyafuata yalipo. Sioni haja ya kulilia mwaka 1914 leo, ila nataka tukumbuke kwamba mstari uliochorwa na mtu anayetazama ncha zake mbili unaweza kukaa mahali pake zaidi ya miaka 100.

Mstari mpya nao una ncha zake. Upande mmoja ni Uvinza, ambako utaungana na SGR ya Tabora hadi Kigoma iliyosainiwa Desemba 2022. Upande mwingine ni Musongati, kusini mashariki mwa Burundi, kwenye hazina kubwa ya madini ya nikeli. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipoidhinisha fedha Desemba 2023 ilihesabu kilomita 156 za njia upande wa Tanzania, hadi mpakani Malagarasi, na 84 upande wa Burundi. Agosti 2025 jiwe la msingi likawekwa Musongati, wakiwepo Rais Évariste Ndayishimiye wa Burundi na Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Kassim Majaliwa. Chukua ramani uweke rula kati ya Uvinza na Musongati: utapita juu ya ardhi ya Kasulu. Kibondo itabaki kulia, mbali.

Hakuna anayejenga reli hiyo kwa ajili ya Kasulu. Nikeli ndiyo inayoilipia, pamoja na haja ya Burundi, nchi isiyo na bahari, kufika bandari ya Dar es Salaam. Nalisema bila kinyongo. Mzigo mzito ndio unaoifanya reli iweze kujilipa. Hatari iko katika kinachofuata. Reli ya madini hupangwa kwa utaratibu wa madini: treni ndefu, nzito, zinazosimama mara chache. Abiria na gunia la maharage huingizwa baadaye, kama nafasi imebaki.

Ndipo linapokuja jambo moja la kiufundi ambalo ningependa kila diwani wa Kasulu alijue. Reli ya njia moja haiwezi kupitisha treni mbili zinazokutana, isipokuwa mahali palipojengwa njia ya kupishana. Hapo treni moja huingia pembeni, ikasimama, ikangoja mwenzake apite. Kwa sababu hiyo, kila baada ya umbali fulani mhandisi analazimika kuweka njia ya pili fupi, mawasiliano na ishara, na eneo tambarare lenye urefu wa kutosha treni nzima ya mzigo. Treni itasimama pale hata kama hakuna abiria hata mmoja duniani. Gharama kubwa ya stesheni, yaani ardhi tambarare, njia ya ziada na ishara, inakuwa imeshalipwa. Kuongeza jukwaa la kushukia, paa na ghala juu yake ni gharama ndogo ukilinganisha na kuanza upya mahali pengine miaka kumi baadaye.

Wanaoikumbuka Reli ya Kati wanaijua hali hii bila kufundishwa. Nguruka na Kazuramimba treni ikisimama, dirisha linageuka soko: ndizi, karanga, samaki, chai ya moto. Vituo vingi vya reli ile vilikaa pale treni ilipotaka kusimama kwa haja zake yenyewe, enzi za mvuke kwa ajili ya maji, baadaye kwa kupishana, na watu wakavisogelea.

Kwa hiyo swali la Kasulu lisiwe kama kutakuwa na stesheni. Liwe: njia za kupishana zitakaa wapi, na ipi kati ya hizo iko karibu zaidi na barabara ya lami? Hapa milima ina kauli yake. Treni ya mzigo huanza kupata shida mwinuko unapozidi mita 1 au 2 kwa kila mita 100, wakati lori hupanda mara kadhaa ya hapo likilia tu. Mhandisi atatafuta mabonde, atazunguka vilima, na pale asipoweza atakata mlima au kujaza korongo. Njia ya kupishana ni ngumu zaidi, maana treni nzito iliyosimama kwenye mteremko ni hatari, na kuiondoa kwenye mpando ni kazi. Sehemu tambarare za kutosha katika nchi ya vilima huwa chache. Zikiwa tatu, na moja kati ya hizo iko kilomita 5 kutoka barabara ya Kasulu huku nyingine ikiwa kilomita 25 porini, tofauti hiyo itaamua kama mkulima atatumia reli au ataitazama. Mchoro ukishafungwa na tuta likishamwagwa, mazungumzo yamekwisha.

Naamini pia stesheni hiyo ipangwe kwa mzigo kwanza, abiria pili, ingawa najua wengi hawatapenda. Muhogo, mahindi, maharage, tangawizi na kahawa ya nyanda hizi hutoka kwa lori, na bei ya lori inakula jasho la mkulima kabla gunia halijavuka Tabora. Lakini reli haibebi gunia moja moja. Inataka mzigo ukusanywe, ukaushwe, upimwe na ujaze behewa kwa siku inayojulikana. Bila ghala, mizani na chama cha ushirika chenye uwezo wa kujaza mabehewa kadhaa kwa mkupuo, treni itapita mbele ya gunia na lori litakuja kulichukua. Uwanja wa kupakia una maana kubwa kwa Kasulu kuliko jengo la vioo la abiria.

Abiria naye asisahauliwe, na hapa funzo la Toronto na Miritini linafika moja kwa moja. Treni ikifika saa nane usiku kilomita 12 kutoka Kasulu mjini, basi linalopaswa kuwepo saa nane usiku liwe sehemu ya tiketi, si jambo la bahati. Mtu alipe mara moja, Kasulu hadi Dodoma. Dar es Salaam hadi Dodoma SGR ilianza kubeba watu Julai 2024 na ikajaza mabehewa kwa sababu saa zake zinajulikana na nauli ya daraja la kawaida inashindana na basi. Mtu wa Kasulu akipewa saa za kuaminika atakuja. Akipewa bahati nasibu, atapanda basi kama zamani.

Kibondo ni habari nyingine, na nadhani ni haki kuisema wazi ili asiwepo mgombea atakayewauzia watu wake reli isiyo njiani kwao. Sensa ya 2012 ilikuta wilaya hiyo ina watu zaidi ya 260,000. Reli ya Musongati haitawafikia. Reli yao, kwa maana ya kazi inayofanya, ni barabara: ile ya kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu mpakani, kilomita 260 hivi, ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliikopesha Tanzania fedha zake tangu 2018. Kwa aliyewahi kulala njiani kati ya Kibondo na Kasulu masika, gari likiwa limezama hadi ekseli, lami hiyo ni mageuzi makubwa kuliko treni yoyote. Inaipa Kibondo njia mbili: kaskazini kwenda Nyakanazi na Kanda ya Ziwa, na kusini kwenda stesheni itakayokuwa karibu na Kasulu, kama itawekwa barabarani. Uamuzi wa mahali pa kusimama treni Kasulu ni uamuzi wa Kibondo pia, ingawa hakuna atakayewaita kwenye mkutano.

Wanacho pia kiwanja chao cha ndege, kama Kasulu nao walivyo nacho. Viwanja hivi vidogo vimepokea kwa miaka mingi ndege za mashirika ya misaada, kwa sababu ya kambi za wakimbizi: Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta wilayani Kibondo, iliyofunguliwa tena 2015 Warundi walipomiminika. Ndege ndogo inayochukua mgonjwa, dawa au daktari inafanya kazi ambayo treni haitaifanya hata siku moja. Hofu yangu ni kwamba reli ikija na wakimbizi wakipungua, viwanja vitaachwa viote majani, kwa hoja kwamba sasa kuna usafiri wa kisasa. Uzio, njia ya kurukia iliyosawazishwa na mtu wa kuwafukuza ng'ombe havigharimu sana.

Limebaki jambo ambalo halihusu anayepanda treni kabisa. SGR huzungushiwa uzio. Juu yake kuna nyaya za umeme wa volti 25,000, na treni inayokuja kwa kasi haina muda wa kumwona mtoto. Reli ya zamani watu waliivuka popote. Hii haivukiki ila kwa daraja au kivuko cha chini. Milimani, nyumba ya mtu iko upande huu wa bonde, shamba la maharage upande ule, kisima mtoni, shule juu. Tuta la reli likikata katikati, mama aliyekuwa akitembea dakika kumi hadi shambani anaweza kujikuta akizunguka saa nzima, kila siku, maisha yake yote, bila fidia, maana fidia hulipwa kwa ardhi iliyochukuliwa, na kuzunguka hakuna anayekupimia.

Kwa hiyo wapimaji wanapofika kijijini na vigingi vyao, mkutano usiishie kwenye bei ya mikorosho na migomba. Mzee awaonyeshe kwa mguu wake njia za kwenda kisimani, malishoni, shuleni na sokoni siku ya gulio, kila moja iingie kwenye ramani, kisha aulize kivuko kitakuwa wapi na upana wake ni kiasi gani. Kivuko cha upana wa mtu mmoja hakimpitishi kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia matatu ya muhogo, wala hakipitishi ng'ombe wanaotoka kunywa maji wakati wengine wanashuka.